Juisi ya zabibu nyuma ya soko la Majengo: pa kukaa jioni kwa sisi tusiokunywa

Kama uko Dodoma, hunywi pombe, na umechoka kumaliza jioni zako nyumbani au kwenye baa za watu ukishikilia soda, nenda nyuma ya soko la Majengo. Kuna mama anauza juisi kwenye baraza la nyumba yake. Hakuna bango, kwa hiyo ulizia "kwa mama wa zabibu", hata watoto watakuonyesha. Utaona mwarobaini mkubwa, mabenchi ya mbao chini yake, meza nne za plastiki na friji mbili zilizosogezwa mlangoni. Hufunguliwa asubuhi, lakini pananoga kuanzia saa kumi na moja jioni jua likishapoa, mpaka saa tatu usiku. Mimi nimepakubali, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza ujue anayekuandikia ni nani. Ni mwanamke, mtumishi wa wizara moja pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na sinywi pombe. Sijawahi kuwa mlevi, sijakatazwa na daktari wala na mchungaji. Niliamua nikiwa bado nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na uamuzi wangu naupenda. Napenda kukumbuka kila kilichoongelewa jana usiku. Napenda kuendesha gari mwenyewe kurudi nyumbani, mtaa wa Kisasa. Napenda Jumamosi yangu ianze saa kumi na mbili asubuhi kichwa kikiwa chepesi. Ila kwa mwanamke maswali hayaishi: una mimba? Unatumia dozi? Umeokoka lini? Na ukiwa Dodoma linaongezeka lingine: "Hata mvinyo wa kwetu, dada?" Mji huu ni wa zabibu. Ukienda Hombolo, Makutupora au Bihawana utaziona zimepangwa mistari kwa mistari, zinavunwa misimu miwili kwa mwaka, na sehemu kubwa inaishia kwenye mapipa ya mvinyo. Ukikataa glasi watu wanaona kama umekataa mji wenyewe.

Ndiyo maana juisi ya mama huyu imenigusa. Ni zabibu zilezile, udongo uleule, jasho la wakulima walewale, na hakuna kilevi ndani.

Nimemwona akiitengeneza, maana jiko lake liko uani na hamfichi mtu. Anatumia zabibu nyekundu ya Makutupora ambayo mdogo wake analima Hombolo. Anazichambua moja moja kutoka kwenye vishada na kutupa zilizopasuka, kisha anaziosha. Zikishaingia sufuriani moto unakuwa mdogo, maji kidogo sana, na anaziponda polepole kwa mwiko mpaka maganda yaachie rangi. Baada ya hapo anachuja kwa kitambaa cheupe, na hapo haminyi kwa nguvu, kwa sababu mbegu zikisagika juisi inakuwa chungu. Akishachuja anairudisha motoni mpaka ichemke, anaijaza kwenye chupa za kioo ingali ya moto, anafunga, anapooza kwenye beseni la maji, halafu friji. Sukari haweki hata kijiko. Ukiinywa unakuta utamu kwanza, kisha ukali fulani unaokamata pembeni mwa ulimi, ule ule unaopatikana ukitafuna ganda la zabibu mbichi. Ni kinywaji cha mtu mzima. Unakunywa taratibu, unaongea, unarudia.

Nikamuuliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa: mama, hii haigeuki? Dodoma kuna joto, na ganda la zabibu lina hamira yake ya asili. Ukikamua zabibu ukaziacha mezani tu, siku moja au mbili zinaanza kutoa povu, na hapo safari ya pombe imeshaanza bila mtu kuweka chochote. Alinijibu, "Mwanangu, ndiyo maana naichemsha. Na kila chupa ina siku yake." Akanionyesha vipande vya plasta vilivyobandikwa kwenye chupa, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino. Chupa ikifunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo. Jioni moja alinifungulia chupa, ikatoa mlio mdogo, tsss. Akainusa, akaiweka chini ya meza, akachukua nyingine. "Ile imeanza kuongea, siwezi kukupa." Hizo anaziacha ziwe siki ya kachumbari. Sijaona sehemu nyingine mjini hapa ambapo muuzaji anaheshimu kutokunywa kwa mteja kiasi hicho, na wateja wake wanajua. Utakuta Waislamu wametoka msikitini wamekaa meza moja na walokole, na pembeni yao kijana ambaye mwenyewe anasema anaacha pombe na hataki hata harufu.

Uangalifu huohuo uko kwenye togwa yake. Anapika uji wa mtama usiku, akiuacha upoe mpaka uwe vuguvugu anaukorogea kimea cha uwele, na kimea ndicho kinachobadilisha wanga kuwa sukari, hivyo asubuhi unakuwa mtamu wenyewe. Togwa ni nzuri siku ya kwanza. Ikilala tena inachachuka na kuelekea kwenye pombe ya kienyeji, kwa hiyo kwake togwa inauzwa asubuhi mpaka mchana tu. Ukija jioni ukaiulizia anakwambia imeisha, hata kama ndoo bado ina kitu. Ndoo hiyo ni ya jirani mwenye nguruwe.

Ubuyu wake ni mzuri, mzito, umechujwa vizuri, haukwaruzi koo. Mibuyu tumejaliwa mkoa huu, na unga wake una vitamini C nyingi. Ukwaju sikuupenda, una sukari kupita kiasi, mpaka meno yanalalamika. Sema mapema "niwekee usiotiwa sukari", atakutolea kwenye jagi lingine. Nasema hivi pia kwa wenye kisukari: juisi ya zabibu haina sukari ya dukani lakini zabibu yenyewe ina sukari nyingi, glasi moja inatosha. Kisha kuna choya, wengine mnaiita rozela. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa Dodoma ukianza kukata masikio, anaichemsha na tangawizi na mdalasini na kuitoa ya moto kwenye vikombe vya udongo. Hiyo usiikose.

Bei: zabibu glasi kubwa 2,000, ubuyu na ukwaju 1,000, choya 1,000, togwa kikombe 500. Chupa ya lita moja ya zabibu ya kubeba ni 6,000, na ukirudisha chupa tupu anakupunguzia 500. Barafu anatengeneza kwa maji aliyochemsha mwenyewe, niliuliza. Kula, kuna kijana wa mishikaki nje ya geti, na mama anakaanga karanga. Mishikaki inachelewa, agiza kabla hujakaa.

Sasa niseme kwa nini benchi la pale lina thamani kwangu kuliko hata juisi. Mtu asiyekunywa haombi mengi. Anaomba mahali pa kukaa na wenzake ambapo glasi yake ni glasi kama za wengine. Kuna baa moja ambayo ofisini tulikuwa tunaenda kila mwisho wa mwezi, jina nalihifadhi. Mhudumu alikuwa anauliza kila mtu anakunywa nini, akinifikia mimi anaondoka. Soda yangu inaletwa mwisho, ya moto, bila glasi. Wakati wa bili inasemwa tuchange sawa, na mimi niliyekunywa soda mbili nalipia kreti. Nilipolisema, nikaambiwa mbona naleta ubahili kwenye furaha. Mwenzetu mmoja akaongeza kwamba glasi moja ya mvinyo kwa siku ni dawa ya moyo, hivyo najinyima afya. Nilimjibu kwa utulivu, na narudia hapa kwa sababu watu wengi bado wanaliamini hilo: Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Pombe iliwekwa kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1988, kundi moja na moshi wa sigara. Sisemi hivi ili kumnyang'anya mtu glasi yake. Nasema ili nami niachiwe yangu.

Kwa mama wa zabibu hakuna anayeniuliza kwa nini. Unasalimia, "Mbukwenyi", mabenchi yote yanakuitikia, unasogezewa nafasi. Binti yake anayehudumu anakuja na glasi baridi kwenye sinia, anakuita dada, anauliza unataka barafu au la. Wazee wanacheza bao chini ya mti. Vijana wa bodaboda wanabishana Simba na Yanga kwa sauti ileile ya baa, na hakuna kiti kinachorushwa. Wale wenzangu wa ofisini wawili watatu wameanza kunifuata, na wao bado wanakunywa siku nyingine. Mmoja aliniambia, "Leo nimekusikia umeongea kuliko mwaka mzima." Ni kweli, kule baa saa mbili zikifika nilikuwa nimebaki kuwasikiliza tu.

Wapo watakaouliza, si afadhali bia isiyo na kilevi? Zinapatikana kwenye supamaketi za mjini, na mimi nimezijaribu. Ushauri wangu ni kusoma kopo. Iliyoandikwa asilimia 0.0 ya kilevi ni tofauti na ile inayokubali mpaka asilimia 0.5, ingawa zote mbili zinaitwa hazina kilevi. Kwa asiyekunywa kwa sababu ya dini, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa anayetoka kwenye ulevi tatizo ni lingine: ladha ileile na kopo lilelile vinaweza kumwamshia kiu ya zamani. Mimi sikuwahi kuipenda ladha ya bia, kwa hiyo sioni sababu ya kulipa zaidi ili nipate mfano wake. Na kwa yule kijana wa pale barazani, na wengine kama yeye, nawaomba kitu kimoja. Mtu aliyezoea kunywa kila siku, tena nyingi, asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Mwili unaweza kutetemeka, ukaingia degedege, ukachanganyikiwa, na wapo wanaokufa. Aende hospitali kwanza. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kwenda Mirembe si aibu hata kama mtaani jina lake limefanywa tusi. Juisi itamsubiri.

Kuna mapungufu. Choo kiko uani kwa ndani na taa yake ni hafifu, beba simu yenye tochi. Viti vya kutosha ni siku za kazi tu, Ijumaa na Jumamosi utasimama. Maegesho ni shida, acha gari upande wa soko utembee. Malipo kwa simu yapo lakini mtandao ukigoma mama hana chenji ya noti kubwa. Na kufunga saa tatu ni mapema mno kwa mji ambao watu wa Mtumba wanafika nyumbani saa moja usiku. Nimemwambia. Anasema analala mapema ili awahi kuchambua zabibu, na sikuwa na la kujibu.

Kwenye sherehe ndipo alinimaliza kabisa. Mtoto wa dada yangu alikuwa na send-off, familia yetu nusu wanakunywa nusu hapana, na kila mara wakati wa kugonga glasi nusu yetu tunanyanyua soda za rangi. Safari hii niliagiza madumu kwa mama. Tulikodi glasi zilezile za mvinyo, zenye mguu mrefu, za ukumbi mzima. Juisi ikamiminwa, nyekundu iliyokolea, na povu jembamba la waridi ukingoni ambalo lilitulia baada ya muda mfupi. MC aliposema tunyanyue, huwezi kujua nani ana mvinyo na nani ana juisi. Shangazi yetu mkubwa, ambaye hajawahi kuonja pombe maisha yake yote, aliishika ile glasi kwa mguu wake kama walivyofanya wenzake, akagonga na bwana harusi mtarajiwa, akanywa mpaka chini na kuomba nyingine. Picha hiyo iko sebuleni kwake.

Dumu la lita 20 ni 90,000, unalipa nusu wakati wa kuagiza. Toa taarifa siku tatu kabla, na uwe na friji au masanduku ya barafu ukumbini, kwa sababu atakuuliza kabla hajakubali oda. Zabibu hupatikana kwa wingi kuanzia mwezi wa pili na tena kuanzia wa nane. Sherehe yako ikiangukia katikati, zikiwa hazipo, usimlazimishe atafute zilizolala. Chukua choya.