Wakala wa Frimasoni asiye na daftari: tathmini ya huduma ya "usajili" niliyoishuhudia Kigoma

Huduma ninayoitathmini inatolewa katika chumba cha nyuma cha steshenari moja maeneo ya Mwanga, hapa Kigoma, na mtoaji wake hujiita wakala wa Frimasoni wa kanda ya magharibi. Jina lake na la duka nayaacha. Mpwa wangu, kijana anayeuza vipuri vya pikipiki, alimtumia kwa simu shilingi 150,000 za fomu na kadi, akaahidiwa utajiri ndani ya siku saba, na siku ya nane akadaiwa 300,000 nyingine za kile kilichoitwa uthibitisho wa uanachama. Hapo ndipo aliponijia.

Kwa kuwa nilikuwa katibu wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka mingi, sikwenda kuuliza habari za damu na majini, ambazo ndizo watu wa kwetu huanza nazo. Nilikwenda kutazama makaratasi.

Kadi aliyopewa kijana ni karatasi ngumu iliyotiwa laminesheni, yenye picha ya bikari na skwea ya fundi iliyochapwa kwa wino unaokwisha, hata buluu yake imekuwa kijivu. Jina la mpwa wangu limekosewa herufi. Chini kuna muhuri wa duara wenye neno KATIBU, lakini haukutaja ni katibu wa chama gani. Jina la loji, yaani tawi la Frimasoni, halipo, namba ya loji haipo, tarehe haipo, wala hakuna nafasi ya mwenye kadi kutia saini yake.

Loji za mfumo wa Kiingereza, zikiwamo za Afrika Mashariki zilizo chini ya Loji Kuu ya Uingereza yenye makao London, kila moja ina jina na namba yake katika rejista. Anayetaka kujiunga hupendekezwa na mwanachama mmoja na kuungwa mkono na mwingine, kisha katibu huchapa habari zake kwenye wito wa kikao unaotumwa kwa wanachama wote, ndipo hupigwa kura ya siri kwa vigololi, ambayo vitatu vyeusi vinatosha kumkataa. Akikubaliwa, katibu huyaandika hayo katika kumbukumbu za kikao, hupeleka jina na ada ya usajili Loji Kuu, na kila mwaka hutuma orodha ya wanachama wake wote. Hati ya Loji Kuu mtu huipata baada ya kupita daraja la tatu la uanachama, ikiwa na saini ya Katibu Mkuu, naye mwenyewe huitia saini ili baadaye mwandiko wake uweze kulinganishwa.

Uhakiki wa mgeni nao una utaratibu wake. Mwanachama wa mahali pengine huonyesha hati hiyo pamoja na ushahidi kwamba hadaiwi ada, na asipokuwepo mtu wa kumdhamini kwa kumfahamu, hutahiniwa kabla ya kuingia. Wote wanaohudhuria husaini daftari la mahudhurio, nje ya mlango akisimama mlinzi mwenye upanga. (Upanga huo ndio unaosimuliwa vijiweni, daftari hakuna anayelitaja.) Asiyelipa ada kwa miaka miwili kamili hukoma kuwa mwanachama, na anayetaka kuhamia loji nyingine hudaiwa cheti cha kuonyesha kwamba hakuacha deni alikotoka. Katibu yeyote wa ushirika ataitambua kazi hii mara moja.

Nilimwuliza wakala namba ya loji yake.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema. "Haya mambo ni ya siri, hayaandikwi."

Nilimjibu kwamba siri zao sikuziomba, nilitaka namba tu, pamoja na majina ya waliompendekeza mpwa wangu. Baada ya kusitasita alifungua droo akatoa kaunta buku lililochakaa kona. Ndani yake mlikuwa na namba za simu na kiasi cha fedha mbele ya kila namba, nyingine zimewekewa alama ya vema. Hiyo ndiyo iliyokuwa rejista yake.

Kuhusu ule utajiri, mwombaji wa kweli hutakiwa kutamka kwamba hakusukumwa na tamaa ya faida, kwa hiyo tangazo la wakala linakataliwa na sharti la kwanza kabisa la chama anachodai kukiwakilisha. Wala si chama cha kutafutwa gizani: jengo lao liko Sokoine Drive, Dar es Salaam, na marehemu Sir Andy Chande, aliyekulia Bukene hapo jirani mkoani Tabora, aliongoza Wafrimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi huku akijulikana kwa jina na sura.

Kwa haki, wakala hupokea simu upesi, na mashine ya nakala ya steshenari hiyo ni nzuri. Nilipotaja polisi alirudisha shilingi 40,000. Zilizobaki bado tunazidai. Kadi tuliipeleka kituoni kama kielelezo, ambako askari wa zamu alimwuliza kijana jina lake, akaliandika kitabuni kwa herufi zake sahihi, akampa namba ya RB.