Nilivyokaanga mchele ili buti langu la theluji linikae

Nianze na kucha. Februari mwaka jana kucha za vidole gumba vyote viwili zilinigeuka nyeusi, kwanza ya kulia, wiki iliyofuata ya kushoto. Sikuangukiwa na jiwe wala sikujikwaa. Ni buti tu, tena buti jipya, tena lile ambalo muuzaji aliniapia kwamba limefinyangwa kwa mguu wangu mimi na si wa mtu mwingine.

Nasoma Innsbruck, Austria. Pale katikati ya mji unapanda kitreni cha mlimani, kisha gari la kebo, na muda si muda uko Seegrube, mita 1,905 kutoka usawa wa bahari, theluji hadi magotini. Wenzangu wa darasani walinivuta huko hadi nikajifunza kuteleza kwa ubao, ule mmoja unaofungwa miguu yote miwili ukasimama kiubavu. Utamu wake siukatai. Ila mguu ukibanwa vibaya hakuna utamu, kuna kuhesabu dakika za kushuka ukavue.

Buti lenyewe lina vitu viwili. Nje kuna ganda gumu kiasi, lenye soli na kamba. Ndani kuna kiatu kingine laini kinachochomoka, wenyewe wanakiita laina. Laina hutengenezwa kwa povu la EVA, ndugu yake yeboyebo tunazovaa bafuni. Povu hili likipata joto hulegea. Ukilivaa likiwa moto linabanwa kati ya mguu na ganda, na likipoa linabaki na umbo hilo. Kwa maneno ni rahisi kabisa.

Dukani walinifanyia bure, ilikuwa sehemu ya bei. Laina zikawekwa kwenye mashine inayopuliza hewa ya moto, kama dakika kumi. Nikazivaa na soksi zangu nene za sufu (kosa la kwanza, na hakuna aliyeniambia). Kijana akavuta kamba, akasema, "Tembeatembea kidogo uizoee," akaenda kuwahudumia watu watatu waliokuwa wanasubiri. Nikatembea. Nikaenda hadi kwenye kioo, nikarudi, nikajipiga picha. Baada ya dakika tano akanivua, akanifungia kwenye mfuko.

Kilichofuata nilikielewa baadaye sana. Ukikata kona kwa makali ya mbele ya ubao, yaani upande wa vidole, uzito wote unaegemea mbele, na kisigino hutaka kuinuka. Cha kwangu kiliinuka kweli, karibu upana wa kidole. Nikawa nakaza kamba ili kukishusha. Kamba zikikazwa hazishiki kisigino, zinabana mgongo wa unyayo, na baada ya nusu saa mguu una ganzi. Nikizilegeza, mguu unateleza mbele na vidole vinagonga ukuta wa buti kila kona. Ndiyo zile kucha. Niliporudi dukani nikaambiwa mguu wangu "una umbo gumu", ninunue jozi nyingine kubwa zaidi. Nashukuru sikuwa na hela.

Nashukuru kwa sababu urefu ulikuwa sawa tangu mwanzo. Saizi za mabuti haya huandikwa pia kwa sentimita za mguu wenyewe, kwa hiyo kuhakiki ni kazi ya dakika moja: simama kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama mwisho wa kidole kirefu, pima. Wangu ni sentimita 24.5, na ndani ya ulimi wa buti pameandikwa hivyohivyo. Kama lingekuwa fupi kwa sentimita nzima, joto lisingenisaidia kitu. Povu linajipanga upya, ganda halirefuki. Na kama lingekuwa kubwa ndiyo mbaya zaidi, maana povu hujibana lenyewe kadiri siku za kuvaa zinavyokwenda. Buti linalopwaya dukani litapwaya maradufu mwisho wa msimu.

Mwezi wa nane nilirudi nyumbani Tabora kwa likizo. Nilikuwa nimekiachia chumba cha bweni, kwa hiyo vitu vyote vilikuja, mabuti yakiwemo. Pale Isevya kwa mama mkubwa yakawekwa sebuleni kama maonyesho. Watoto wa jirani walikuja kuyajaribu, mguu mmoja watoto wawili. Mjomba, ambaye mizinga yake iko msituni upande wa Sikonge, aliyageuza geuza, akauliza kama theluji inaanguka kule kwa sababu ya urefu wa milima. Nikamwambia mji wenyewe uko mita 574 tu, Tabora tuko kwenye 1,200 hivi. Akanitazama. "Kwa hiyo tumewazidi urefu na bado tunakufa na joto?" Ndiyo, mjomba, sisi tuko karibu na Ikweta. Akataka kujua na nani aliyebuni upuuzi wa kusimama kwenye ubao. Nikamsimulia habari za Sherman Poppen, mwaka 1965 huko Michigan, aliyeunganisha ski mbili, zile mbao ndefu za kutelezea zinazovaliwa moja kila mguu, ili mabinti zake wapate cha kuchezea. "Huyo alitaka utulivu ndani ya nyumba," akasema mjomba, na kesi ikaisha.

Lakini ni mjomba huyohuyo aliyeuliza swali ambalo duka zima halikuuliza. Nilipomweleza habari ya joto na povu, mtu aliyeshika nta maisha yake yote hakuhitaji maelezo marefu. Akauliza: "Wakati linapoa, ulikuwa umesimama au unatembea?"

Nikanyamaza.

Basi tukaamua kurudia. Laina nyingi za aina hii hukubali kufinyangwa zaidi ya mara moja, na karatasi ya hizi zangu ilisema hivyo. (Angalia yako kwanza: nyingine hufinyangika sehemu ya juu tu, nyingine hazitaki moto kabisa, zinangoja joto la mguu wako siku kadhaa.) Mashine ya hewa hatuna, na oveni niliiogopa, kwa sababu laina ikigusa chuma chenye moto imekwisha. Ipo njia ambayo watelezaji wa kule hufanya majumbani: mchele mkavu ndani ya soksi, unapashwa moto kwenye maikrowevu, soksi inaingizwa ndani ya laina. Maikrowevu nayo hatuna. Tuna jiko la mkaa na sufuria, na mchele Tabora si kitu cha kutafuta.

Kabla ya moto nilipita kwa fundi viatu mmoja karibu na soko kuu, mzee anayekaa chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba, akaibonyeza laina kwa dole gumba mara moja tu, akasema, "Hii yeboyebo, binti yangu, ila imesoma." Akanivua kiatu, akaushika mguu, akaniambia kisigino changu ni chembamba na kifundo kimetokeza. Huko Austria sikushikwa mguu na mtu. Kutoka kwenye yeboyebo iliyokatika akachonga vipande vinne vyenye umbo la ndoano, viwili kwa kila laina, akavishika kwa selotepu kwanza kwa nje ya laina, pale chini ya kifundo kwenye kibonde kinachoelekea nyuma ya kisigino. Kwa nje, sikilizeni: kati ya laina na ganda. Ukiviweka ndani vitakuchubua. Kazi yake ni kusukuma povu lijaze kibonde kile, ili kisigino kikose njia ya kupanda. Elfu tatu, na stori juu.

Vidole navyo vilihitaji nafasi. Nilikata ncha ya soksi kuukuu, nikaweka kipande chembamba cha sponji ya godoro juu na mbele ya vidole, nikavaa juu yake soksi moja nyembamba. Ubavuni, chini ya kidole cha mwisho, nina kifupa kinachouma. Hapo nilibandika kijiplasta kilichokunjwa mara tatu. Povu likipoa huku vitu hivi vimo, ukija kuvitoa panabaki nafasi. Hii ndiyo hatua ambayo kijana wa dukani aliiruka, na kwa mtazamo wangu ndiyo nusu ya kazi nzima.

Mchele tuliukaanga kama karanga, moto mdogo, ukigeuzwa muda wote. Mjomba alileta kipimajoto anachotumia kwenye asali. Mafundi wa kule huweka oveni zao karibu nyuzi 115 hadi 120. Sisi tuliutoa mchele kwenye 120 tukijua utashuka njiani. Soksi iwe ya pamba, narudia, pamba. Ya nailoni iache. Kilo moja na nusu iliingia kwenye kila soksi, soksi ndani ya laina, taulo juu, dakika kumi na mbili. Ukibonyeza ndani panalegea kama unga wa chapati uliopumzika.

Tulianza na kulia. Laina ikaingia kwenye ganda bila kukunjika, soli ya ndani ikiwa mahali pake, mguu ndani. Nikagonga kisigino sakafuni mara tatu kirudi nyuma kabisa, kamba zikakazwa kwa kiasi, ncha ya buti ikapandishwa juu ya kibao ili uzito urudi kisiginoni, magoti yamelegezwa kidogo. Sasa ni kusimama tu. Dakika kama ya tatu, mlango ukagongwa. Akaingia bibi wa nyumba ya pili, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, amesikia mjukuu amerudi kutoka Ulaya.

Jamani, ningefanya nini? Nimelelewa kumsalimia mkubwa kwa kupiga goti. Nikapiga goti, na buti la moto mguuni. "Shikamoo bibi." Mjomba alishika kichwa. Bibi akaitikia marahaba, akauliza habari za masomo, za baridi, za mchumba, na mimi niko palepale chini, najisikia laina inajikunja mbele ya kifundo kama karatasi.

Ikabidi kulia kurudiwe siku ya pili, mchele ukakaangwa upya, mlango ukafungwa kwa komeo. Awamu hiyo nilisimama dakika kumi na tano bila kutikisika, mama mkubwa akininywesha maji kwa kikombe kama mgonjwa. Kushoto kulipita bila mgeni. Mwisho fundi akavibandika vile vipande kwa gundi. Mchele wa soksi mama mkubwa alikataa kuupika na alikataa kuutupa; waliula kuku.

Nimeyavaa siku tisa tangu Desemba. Kisigino cha kulia hakiinuki kabisa. Nikisimama wima vidole vinagusa mbele kwa mbali, nikikunja magoti vinarudi nyuma na kuachana na ukuta, na wazoefu wameniambia ndivyo inavyotakiwa iwe. Kamba nazikaza mara moja asubuhi na kuzigusa tena baada ya chakula. Kucha zimeota mpya. Kushoto bado kuna jambo: baada ya saa tatu kwenye baridi kali, kidole cha mwisho kinaanza kufa ganzi, nadhani plasta ilisogea wakati wa kuvaa. Nitakirudia hicho peke yake. Na kulia kumebaki na mkunjo mdogo mbele ya kifundo, alama ya lile goti, haubani, nimeuacha.

Duka nalipa nyota mbili kati ya tano, moja ya mashine na moja ya tabasamu. Fundi wa chini ya mwembe, tano. Kazi ya mchele, nne, kwa sababu ya moshi na kwa sababu inahitaji watu wawili, mmoja wao akiwa na subira. Mwenzangu wa bwenini, Mrundi, ameshaona mabuti yanavyonikaa na anataka niyafanyie na ya kwake wikendi hii. Bwenini maikrowevu ipo. Nimemwambia aje na mchele wake.