OsmAnd kwa wanaotafuta miamba nje ya njia: Lubumbashi, Likasi na Kundelungu

Wengi mjini Lubumbashi wanaijua OsmAnd kama ramani ya simu isiyohitaji mtandao, ya kutafuta avenyu au kuona Kipushi iko mbali kiasi gani. Hapa tunaipima kwa kazi ngumu zaidi: kumfikisha mtu kwenye matuta ya mwamba yasiyo na njia, ndani ya miombo kati ya Lubumbashi na Likasi, na kwenye ukingo wa uwanda wa Kundelungu. Kule Kundelungu inafanya kazi vizuri sana. Kwenye vilima vya mukuba, yaani vya shaba, inafaa pia, lakini anayeitegemea bila kujua ilivyotengenezwa atapita mita 100 kando ya mwamba na asiuone.

Tatizo linaanzia kwenye kontua, mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko. Vipimo vya mwinuko inavyovitumia vilichukuliwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, na kila kipimo kinabeba mraba wa takriban mita 30 kwa 30. Pale Lofoi, maporomoko ya Kundelungu, ambapo mto unaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, mraba wa namna hiyo ni kitu kidogo. Kontua zinabanana mpaka zinaonekana mstari mmoja mnene, na zinapoachana ndipo penye korongo la kushukia. Tuta la mwamba lenye kimo cha mita 6 na upana wa 15 halipo kabisa kwenye ramani hiyo. Vichuguu vyetu vikubwa, hata vile vinavyozidi mita 5, navyo havipo.

Halafu kuna miti. Ndani ya miombo rada haikufika ardhini vizuri, ilisoma mahali fulani kati ya majani na udongo. Kwa hiyo kilima chenye kilele kisicho na miti, kilichozungukwa na miti ya mita 12 au 15, huonekana kwenye kontua kifupi na butu kuliko kilivyo. Vilima vya mukuba viko hivyo hasa. Shaba iliyojaa kwenye udongo inazuia miti kuota, inabaki nyasi na mimea michache inayoistahimili, kama Haumaniastrum katangense, ua la mukuba, lenye rangi ya buluu iliyochanganyika na zambarau. Wanaakiolojia wamelitumia ua hilo kugundua mahali wahenga walipoyeyushia shaba. Uti wa kilima mara nyingi ni mwamba ambao wanajiolojia wa Katanga wanauita RSC: mwamba wa silika wenye vishimo tele kama sifongo. Miamba laini ya pembeni imeliwa na mvua, huo umebaki umesimama. Ukikiangalia kipande chake kwa karibu, kuta za vishimo ni ngumu, za kijivu, na ndani ya baadhi kuna utando wa kijani wa malakiti, madini ya shaba. Kingo zake zinakata. Soli ya kandambili haimalizi saa moja juu yake, na anayepanda kwa mikono avae glavu za ngozi.

Kwa hiyo mpangilio sahihi ni picha ya satelaiti kwanza, kontua baadaye. OsmAnd inaruhusu vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo inapozishinda programu nyingi. Washa programu-jalizi ya ramani za mtandaoni, weka picha za satelaiti ziwe tabaka la chini, kisha ungali mjini kwenye Wi-Fi pakua picha za eneo dogo: kilomita 10 kwa 10, mpaka kiwango cha kukuza cha 16. Hiyo ni vigae (vipande vya picha) kama 300. Ukitaka kiwango cha 18 kwa eneo lote hilo, vigae vinapita 4,000 na simu ya kawaida inalemewa. Chukua 18 kwa ajili ya kilima chenyewe tu.

Kwenye picha tafuta doa la njano iliyopauka katikati ya miombo. Madoa ya namna hiyo ni ya aina tatu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Dembo, bonde la nyasi lenye majimaji, nalo limepauka, lakini linafuata bonde na lina umbo refu la mto. Shamba au mahali pa kuchomea makala pana kingo zilizonyooka, na mara nyingi njia ya baiskeli inaingia ndani yake. Kilima cha mukuba kina kingo laini, kiko juu, na katikati huonekana mstari wa kijivu: ndio mwamba. Sasa washa kontua. Doa likiwa chini kuliko eneo linalolizunguka, kwa mita nyingi kuliko kimo cha miti, hilo ni dembo, liache. Kwa swali hilo moja kontua zina thamani yake yote hata kama haziuoni mwamba wenyewe.

Ukishachagua, tumia sehemu ya kupanga safari kwa mistari iliyonyooka, si kwa kufuata njia, maana ukiiachia ichague itakurudisha barabarani. Weka nukta kila mita 500. Usilenge mwamba wenyewe. Lenga upande mmoja wa tuta, tuseme mita 150 kusini ya ncha yake, ili ukifika kwenye kingo ya miti ujue bila kubahatisha kwamba unageukia kaskazini. Porini tembea kutoka kichuguu hadi kichuguu: soma mwelekeo kwenye simu, chagua kichuguu kilicho kwenye mstari huo, zima kioo, kifikie. Batri inadumu hivyo.

Kurekodi nyayo kila sekunde 5 kunatosha, kwa mwendo wa porini ni nukta moja kila mita 5 au 6. Kinachoharibu rekodi si OsmAnd, ni simu yenyewe. Android inayobana matumizi ya batri huifunga programu kioo kikizimwa, na unaporudi unakuta mstari mmoja ulionyooka badala ya njia uliyopita. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya batri, uiondolee OsmAnd vizuizi kabla ya kuondoka.

Kasoro ya bei: toleo la bure la Play Store lina kikomo cha kupakua mara 7, na kontua ni za kulipia. Toleo la F-Droid, duka la programu huria, halina kikomo hicho cha kupakua. Organic Maps ni ya bure yote, kontua zikiwemo, na ni nyepesi kwa simu ya zamani. Kwa Kundelungu peke yake tungeipendekeza bila wasiwasi. Kwa vilima vya mukuba haitoshi, kwa sababu haina picha za satelaiti.

Lipo ambalo hakuna programu italionyesha, nalo ni mashimo ya wachimbaji wa mikono. Yana upana wa mtu mmoja, yanakwenda chini sana, hayana ukuta wala alama, na baada ya mvua nyasi zinafunika mdomo. Kwa hiyo Novemba mpaka Aprili tunashauri kabisa kutokwenda. Juni na Julai nyasi zimelala na baridi ya asubuhi inasaidia. Agosti na Septemba moto wa pori umefungua macho, mwamba unaonekana toka mbali, lakini tembea upande ulioungua tayari. Shika fimbo, gusa mbele yako, na usikanyage marundo ya udongo mpya, shimo huwa hatua mbili tu kutoka hapo. Fimbo hiyo inakukinga hata na kifutu aliyelala kwenye majani. Maji beba lita 3 kwa mtu, juu ya matuta hakuna hata tone.

Tena vilima vingi viko ndani ya konsesioni za migodi, maeneo yaliyokodishwa kwa kampuni, na mpaka wake hauonekani kwenye simu. Anzia kijijini. "Yambo sana, papa" kwa chefu, umweleze unakwenda kuangalia mawe, si kuyabeba, na umwombe kijana anayelijua pori. Nyundo acheni nyumbani, ukiwa nayo hakuna atakayekuamini. Kundelungu ni hifadhi ya taifa, ruhusa ni ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, na unatembea na mlinzi. Shinkolobwe msiende hata kama picha inavutia: ni mgodi wa uranium, umefungwa kwa amri ya serikali tangu 2004.

Ramani ya OsmAnd inatoka OpenStreetMap, inayochorwa na yeyote mwenye akaunti. Ukirudi na nyayo safi, chora kingo ya mwamba kama mwamba wazi na genge kama genge, kwa nukta ulizosimama juu yake, si kwa kukisia toka kwenye picha. Njia uliyopita usiichore kama njia. Mwingine ataifuata usiku.