TAHADHARI Dodoma: anakuuzia turbo nzima wakati kilichokatika ni waya

Wenye magari ya turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) hapa Dodoma, hasa Subaru Forester, naombeni msome hili kabla hamjatoa hela. Kuna fundi anayejitambulisha kama mtaalamu wa umeme wa magari. Hana gereji ya kudumu, anafanyia kazi kwenye uwanja wa wazi upande wa Nkuhungu, na ukimpigia anakufuata hadi nyumbani na mashine yake ya kupimia. Mimi amekula 1,650,000 yangu.

Gari langu lilianza kukosa nguvu. Mjini linatembea vizuri, ila ukitaka kulipita lori barabara ya Morogoro unakanyaga mafuta na halivuti. Taa ya injini ikawaka. Jamaa akachomeka mashine, akanigeuzia kioo nione namba ya hitilafu: P0245. "Kaka, unaona mwenyewe imeandika turbo. Hii imekufa." Na kweli neno turbo lilikuwepo pale. Hapo ndipo anapowanasa watu.

Nilichokuja kuelewa baadaye, tena kwa gharama, ni kwamba P0245 haisemi turbo imekufa. Inasema umeme kwenye laini ya solenoidi inayoongoza presha ya turbo uko chini kuliko inavyotakiwa. P0246 ni ya laini hiyohiyo, umeme ukiwa juu. P0243 nayo inahusu laini hiyo. Zote ni namba za waya, soketi, solenoidi, au mara chache kontroboksi (kompyuta ya injini). Turbo ikifa kwa maana ya kufa, inakula oili, inatoa moshi wa bluu, inalia, shafti (mhimili wa feni) inacheza. Langu halikuwa na hata kimoja.

Solenoidi yenyewe ni kidude kidogo chenye mipira na soketi ya waya mbili. Ikipata umeme, inapunguza presha inayokwenda kusukuma mlango wa pembeni wa turbo, ule unaopitishia moshi wa ekzosi nje ya feni. Mlango unabaki umefungwa, turbo inajaza. Umeme ukikatika, presha yote inausukuma mlango na unafunguka mapema. Gari linakuwa zito kama halina turbo ilhali turbo ni nzima kabisa.

Kuna kitu nilikiona kwa macho yangu na sikukielewa. Alipoitoa turbo yangu aliishika mkononi akazungusha feni kwa kidole. Ikazunguka laini, muda mrefu, bila kugusa ukuta. Mdomoni kukavu, hakuna oili. Akasema, "Hii ni ya kutupa, lakini nitakupunguzia laki mbili nibaki nayo." Nikashukuru! Nikamwachia turbo nzima kwa laki mbili, nikafungiwa ile anayoiita mpya. Gari likavuta, nikamlipa.

Wiki ya tatu nikawa naenda Iringa na familia. Nimevuka Mtera salama, kuanza kupanda Nyang'oro taa ikawaka na gari likalegea. Nyuma yangu malori, mbele kona, watoto wamenyamaza kimya. Tulipanda taratibu taa za hatari zikiwaka.

Niliporudi nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi. Mashine ikasoma P0245 ileile. Hakugusa turbo. Alichomoa soketi ya solenoidi, akaweka mita kwenye pini zake: ohm thelathini na kitu, nzima. Akawasha swichi bila kupiga starti, akapima upande wa waya: hakuna kitu, wakati panatakiwa pawe na umeme wa betri, volti 12 hivi. Akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye uvimbe wa tepu nyeusi. Alipoubandua, ndani waya ulikuwa umesokotwa kwa mkono tu, bila kuchomelewa kwa risasi, umeshaota kutu ya kijani. Ina maana yule wa kwanza aliliona tatizo, akalifunga kwa tepu, ndipo gari likavuta. Turbo aliniuzia juu yake.

Mzee akaunga kwa risasi, akavisha mpira, akanitoza 20,000. Hiyo turbo "mpya" nayo akaichungulia: kibati cha namba kimekwanguliwa na shafti inacheza. Ya kwangu ilikuwa bora kuliko hiyo.

Nimempigia jamaa, hapokei. Risiti ya EFD hakunipa na mimi sikudai, kwa hiyo nikienda popote naenda na maneno tu. Nanyi msirudie hilo.

Akikutajia namba yoyote ya hizo, mwambie apime solenoidi na waya wake mbele yako kwanza. Ni kazi ya dakika chache, bolti hata moja ya turbo haijaguswa. Ikiwa ni P0299, hiyo ni ya presha kuwa ndogo, inaweza kuwa mpira uliopasuka au turbo kweli, lakini hata hapo shafti ichezeshwe ukiona. Na turbo yako ya zamani ondoka nayo.

Jana jioni nimepita pale, kuna Forester ya fedha boneti liko wazi na mpira wa hewa umeshatolewa. Kama ni yako, nenda sasa hivi kabla turbo haijatoka.