Programu ya simu ya kufundishia salamu: uzoefu wangu wa wiki 3

Nimeitumia programu hii kwa wiki 3 na wanafunzi wanaoanza Kiswahili, wote wasemaji wa Kiingereza. Kwa kufunza sikio inafaa sana: sauti ni safi, na neno ulilokosea linarudi kesho yake mpaka likae. Lakini haitoshi peke yake.

Kasoro imeanzia somo la kwanza, linalofundisha "Jambo!" na kujibiwa "Jambo!". Hiyo ni salamu ya watalii. Sisi huulizana "Hujambo?", unajibu "Sijambo", mkiwa wengi, "Hamjambo?" na "Hatujambo". Jambo hapa ni shida. Unaulizwa kama huna lililokupata. Mwanafunzi akishaelewa hivyo, viambishi vyake vinamsaidia pia kukanusha: hujui, sijui, hamjui, hatujui.

Shikamoo ndiyo iliyotusumbua zaidi. Ina silabi 4, shi-ka-mo-o, na mkazo uko kwenye "mo". Bahati mbaya maandishi yanatokea kwenye kioo kabla ya sauti, basi aliyezoea Kiingereza anaona "oo" na kusema "shikamu". Dawa yake: funika kioo kwa kiganja, sikiliza mara 3, tamka, ndipo usome. Fanya vivyo hivyo kwa "mambo", ambayo ni ma-mbo, si mam-bo.

Halafu programu haisemi nani anamwamkia nani. Shikamoo humwendea aliyekuzidi umri: mzazi, mwalimu, hata muuza mboga aliye rika la mama yako. Wakiwa wengi ni "shikamooni". Huyo mkubwa ndiye anayeitikia "marahaba". Bila maelezo hayo wanafunzi walijibu marahaba hata kwa "Habari?", na kuwapa shikamoo watu wa rika lao, ambao inawatosha "Mambo?" na kujibiwa "Poa" au "Safi".

Kwenye habari (za asubuhi, za kazi, za nyumbani, za safari) jibu ni "nzuri", "njema" au "salama". "Mzuri" utalisikia sana Kenya bara, lakini sifa hiyo inaifuata habari: habari nzuri. Programu inakubali pia "mbaya". Hilo ningelifuta kabisa. Hata mgonjwa huanza na nzuri, kisha ndiyo aseme: "Nzuri, ila kichwa kinanigonga tangu jana."

Pengo kubwa zaidi ni kwamba somo linaisha kwa swali moja na jibu moja, wakati salamu yenyewe ndiyo kwanza imeanza. Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo, sijui wewe? Kwa hiyo tulikaa na simu dakika 10 kwa siku, kisha dakika 5 wawili wawili, uso kwa uso, bila kuachana kabla ya maswali 3. Hizo dakika 5 ndizo zilizowafungua midomo.

Toleo la kulipia linaongeza salamu za hotelini na za uwanja wa ndege. Sikuona haja. La bure linatosha, mradi awepo msemaji wa Kiswahili wa kumrekebisha mwanafunzi.