Tiketi ya Nairobi–Dar es Salaam: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi ule wa Julius Nyerere ni kilomita 670 hivi kwa mstari ulionyooka. Tiketi ya jeti huandika saa 1 na dakika 15 hadi 30, kwani muda huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama, si ule wa angani tu. Safari fupi hivi huliwa na muda wa ardhini. Kwa hiyo pima kila tiketi kuanzia mlangoni kwako mpaka unakoshukia.

Nafasi ya kwanza ni jeti ya moja kwa moja, ya asubuhi. Ukijumlisha foleni ya Mombasa Road, ukaguzi, uhamiaji na teksi ya kuingia mjini Dar, tenga saa sita. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, hivyo ya jioni hurithi ucheleweshaji wote uliotangulia. Asubuhi pia mawingu huwa machache: kaa upande wa kulia ukienda Dar, kushoto ukirudi, uuone Mlima Kilimanjaro.

Usiangalie bei ya kwanza inayojitokeza. Nauli ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakia, na kulilipia uwanjani ni ghali kuliko kulilipia mapema. Tazama na tarehe: ndege ya 00:40 tarehe 12 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo uwe uwanjani tarehe 11 usiku. Wengi huachwa hapa.

Ya pili ni ndege ya mapangaboi (propela), kama ATR 72. Hukimbia kilomita 500 hivi kwa saa ilhali jeti hupita 800, nayo huongeza kama nusu saa tu. Ikiwa nafuu, inunue bila wasiwasi. Sehemu ya juu ya kuwekea mizigo ni finyu, begi kubwa la mkononi litapelekwa chini. Toa dawa na kompyuta kwanza.

Basi ni la tatu, na kwa mwenye mizigo mizito huwa la kwanza. Hupita Namanga, Arusha, Moshi na Chalinze, zaidi ya kilomita 900, saa 14 hadi 16 barabara ikiwa shwari. Bidhaa za abiria mmoja zisizo na karatasi huweza kulikwamisha basi zima forodhani.

Gari hadi Arusha kisha ndege ya ndani humfaa mwenye shughuli Arusha. Soma herufi za uwanja: JRO ni KIA, yaani uwanja wa Kilimanjaro, kilomita 50 hivi kutoka mjini Arusha, ARK ni uwanja mdogo wa Kisongo. Usipange gari na ndege siku moja, foleni ya mpakani haitabiriki.

Tiketi za kuunganisha ndege ziache mwisho. Kupitia Kigali ni kilomita 1,900 hivi, na saa za Kigali ziko nyuma kwa saa moja. Kupitia Addis Ababa ni karibu 2,900.

Kabla ya kulipa, shika pasipoti: kitambulisho cha Kenya pekee hakitoshi kuingia Tanzania. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo chanja kwanza, kisha chagua tarehe.