Miaka mitatu na lango moja la malipo: tathmini ya huduma ya kuhakiki kadi katika kipindi cha kanuni mpya

Ninauza kozi za video mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi, na karibu wateja wangu wote hulipa kwa kadi. Mteja simwoni, kadi yake siishiki, na saini yake siipati. Kitu pekee kinachonijulisha kwamba kadi iliyoandikwa kwenye fomu yangu ni ya kweli, iko hai na inatumiwa na mwenyewe ni huduma ya uhakiki inayotolewa na kampuni ya lango la malipo, yaani inayopitisha malipo ya kadi kati ya muuzaji na benki, niliyojiunga nayo mwanzoni mwa 2022. Tathmini hii inahusu huduma hiyo ya uhakiki peke yake. Kampuni yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu ninachopima ni kazi, na msomaji anaweza kuipima kampuni yake kwa vipimo hivi hivi.

Kipindi chenyewe kimekuwa mtihani wa kutosha. Aprili 2022 utambulisho wa benki zinazotoa kadi ulipanuliwa kutoka tarakimu sita za mwanzo za namba ya kadi hadi nane. Oktoba mwaka huo huo toleo la kwanza la 3-D Secure, utaratibu wa benki kuthibitisha kwamba anayelipa mtandaoni ndiye mwenye kadi, likazimwa. Machi 2024 kiwango cha usalama wa data za kadi cha PCI DSS 3.2.1 kikastaafu na nafasi yake ikachukuliwa na toleo la nne; na Aprili 2025 Visa ikaanzisha utaratibu wake mpya wa kuwasimamia wauzaji, unaoitwa VAMP. Muuzaji mdogo hana muda wa kusoma nyaraka za mitandao ya kadi, na hata angekuwa nao, nyingi huandikiwa mabenki. Anamlipa mwenye lango ili amsomee, amtafsirie na amtangulie. Kwa hiyo kila ninapoisifu au kuilaumu huduma hii hapa chini, ninauliza jambo lile lile: je, kanuni ilipobadilika, nililijua hilo kutoka kwao au kutoka kwenye makato?

Hatua ya kwanza ya uhakiki hufanyika kabla namba haijaondoka kwenye simu ya mteja. Ni hesabu ya Luhn, iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM na kupewa hataza mwaka 1960, ambayo huzijumlisha tarakimu kwa utaratibu maalumu ili kubaini kama mteja amekosea kuandika. Haijui lolote kuhusu akaunti. Mhalifu aliyetunga namba kwa kompyuta huipita bila taabu. Huduma hii inaifanya vizuri, na inazitambua namba za Mastercard zinazoanza na 2, yaani kuanzia 2221 hadi 2720, ambazo mtandao huo uliziongeza katika miaka ya 2016 na 2017. Ninalitaja hilo kwa uchungu, kwa kuwa fomu ya mtoa huduma wangu wa zamani bado iliamini kwamba kila Mastercard huanza na 5, na watu wenye kadi halali kabisa walikuwa wakiambiwa kwamba namba zao si sahihi. Waliokasirika waliniandikia; waliokata tamaa waliondoka kimya.

Kiini cha huduma, hata hivyo, ni uhakiki wa kiasi sifuri, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Zamani muuzaji aliyetaka kujua kama kadi iko hai aliomba idhini ya dola moja, kisha akaiacha ijifie yenyewe. Kwake ilikuwa njia rahisi, lakini kwa mwenye kadi fedha hiyo ilizuiliwa kwenye akaunti kwa siku kadhaa, na benki iliyotoa kadi ikabaki imeshikilia ahadi ya malipo ambayo hayangekuja kamwe. Visa na Mastercard zikaweka ujumbe maalumu wa uhakiki wenye kiasi cha 0.00, ambao huiuliza benki hali ya akaunti bila kuzuia hata senti, kisha zikaweka ada kwa idhini zinazoombwa bila kukamilishwa wala kufutwa. Ninaiona kanuni hiyo kuwa ya haki, na muuzaji anayeilalamikia ajiweke kwanza katika nafasi ya mteja mwenye salio dogo.

Kilichoniudhi ni kwamba nilipofungua akaunti, huduma hii ilikuja imewekwa kwenye njia ile ya zamani. Niligundua kwa njia mbili ndani ya wiki moja. Kwanza mteja aliniandikia: “Ndugu, mbona mmenikata dola moja na muda wangu wa majaribio bado haujaisha?” Kisha nilipoifungua taarifa ya makato ya mwezi nikakuta mstari wenye kifupisho kisichoeleweka, na mhudumu, baada ya kuulizwa mara mbili, akanieleza kwamba ni ada ya mtandao ya idhini zisizokamilishwa. Kitufe cha kubadilisha kilikuwepo, lakini kilikuwa kimewekwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya kina, chini ya kichwa kisichotaja uhakiki hata kidogo. Kanuni ilikuwa na miaka mingi tayari. Hapakuwa na sababu yoyote ya kumwachia mteja mpya aigundue kwa kutozwa.

Nilipoibadilisha, mambo yalinyooka. Mstari wa uhakiki kwenye ripoti ukawa unasomeka hivi: kiasi 0.00, jibu 85, AVS U, CVV M. Ni mstari mfupi wenye habari nyingi. Jibu 85 maana yake ni kwamba benki haioni sababu ya kukataa. M ni kwamba tarakimu za usalama zilizo nyuma ya kadi zimelingana. Na U ni kwamba taarifa za anwani hazikupatikana. Zipo benki chache zinazokataa ujumbe wa sifuri hata kama kadi ni nzima, na kwa hizo huduma hutoa njia ya akiba inayoomba kiasi kidogo na kukifuta papo hapo. Niliijaribu kwa kadi yangu mwenyewe nikiwa nimeshika simu: arifa ya fedha kuzuiliwa ikaingia, na kabla sijamaliza kunywa maji ile ya kuachiliwa ikafuata. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ile U ilinigharimu kabla sijaielewa. Ulinganishaji wa anwani, yaani AVS, unafanya kazi zaidi kwa kadi za Marekani, Kanada na Uingereza. Kwingineko benki nyingi haziushiriki. Mpangilio wa awali wa huduma ulikataa jibu lolote lisilolingana kikamilifu, kwa hiyo wateja waliotoka nje ya nchi hizo walitupwa nje pamoja na wahalifu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba aitenganishe U na N. N inasema anwani imeangaliwa na haikulingana, jambo la kutiliwa shaka. U inasema tu kwamba hakuna aliyeangalia. Huduma inaruhusu kuweka kanuni tofauti kwa kila herufi, na kwa uhuru huo ninaipa alama za juu.

Kwa malipo yanayojirudia, huduma hii ni bora kuliko zote nilizowahi kutumia. Tarakimu za usalama haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya idhini, hata zikifichwa kwa usimbaji. PCI DSS haina mwanya katika hilo. Maana yake ni kwamba mwezi wa pili muuzaji anaidai benki fedha bila tarakimu hizo na bila mteja kuwepo. Tangu Oktoba 2017 Visa imetaka kadi inayohifadhiwa itambulishwe hivyo tangu muamala wa kwanza, kwa ridhaa ya mteja, na miamala inayofuata iseme wazi kwamba imeanzishwa na muuzaji, ikibeba namba ya rejea ya ule wa kwanza. Huduma hii hufanya yote hayo bila kuulizwa: uhakiki wa sifuri ukipita, namba ya rejea huhifadhiwa pamoja na tokeni ya kadi, yaani msimbo unaotumika badala ya namba halisi, na kila makato ya mwezi huibeba. Thamani yake niliijua nilipohamisha kadi kutoka kwa mtoa huduma wa zamani, ambaye alinipa namba za kadi bila namba za rejea. Kadi hizo zilikataliwa mara nyingi zaidi kuliko zilizohakikiwa upya, na mhudumu aliniambia bila kuzunguka kwamba dawa ni kuwaomba wateja waandike kadi zao tena. Lilikuwa jibu gumu, lakini lilikuwa kweli.

Kuhusu 3-D Secure sina malalamiko ya msingi. Toleo la kwanza lilimpeleka mteja kwenye ukurasa mwingine na kumdai nywila aliyoisahau tangu aiweke. Toleo jipya, liitwalo EMV 3-D Secure, ambalo maelezo yake ya kiufundi yalichapishwa Oktoba 2016, huipelekea benki taarifa za kifaa na za muamala, na mara nyingi benki humpitisha mteja bila kumuuliza kitu. Muuzaji anayelitumia ipasavyo kwa kawaida huondokewa na mzigo wa hasara pale mwenye kadi anapodai kwamba hakuhusika. Kwa kadi za Ulaya, ambako sheria inadai uthibitisho wa nguvu, huduma hufanya uthibitisho huo wakati wa uhakiki wa sifuri, ili mteja asisumbuliwe tena kila mwezi. Toleo la zamani lilipokaribia kuzimwa, kampuni ilituandikia miezi kadhaa mapema, ikatupa kadi za majaribio, na siku yenyewe ikapita bila muamala wangu hata mmoja kukwama. Hii ndiyo kazi ninayoilipia.

Sasa nije kwenye usiku mmoja ambao ulibadilisha mtazamo wangu. Fomu ya uhakiki wa sifuri ni chambo kizuri kwa wezi wa kadi, kwa sababu inawajibu kama kadi ni hai bila kumshtua mwenyewe. Niliamka asubuhi nikakuta mamia ya majaribio, namba zikifuatana kwa tofauti ya tarakimu chache za mwisho, karibu zote zikiwa na jibu 14, yaani namba ya akaunti haipo. Kila jaribio lilitozwa. Huduma ilikuwa na kizuizi cha idadi ya majaribio kwa kila kifaa, lakini kilikuwa kimezimwa, na hakuna aliyeniambia kwamba kipo. Walikiwasha siku hiyo hiyo na wakanirudishia sehemu ya ada, nami ninawashukuru kwa hilo. Lakini chini ya VAMP, Visa huhesabu ulaghai na mapingamizi ya wateja kwa kipimo kimoja, na huyafuatilia pia mashambulizi ya aina hii ya kubahatisha namba. Kizuizi kilichozimwa kwa hiyo ni hatari kwa akaunti nzima ya muuzaji, na kinapaswa kuja kikiwa kimewashwa.

Upungufu mkubwa uliobaki uko kwenye kurudia makato yaliyokataliwa. Visa inaruhusu kurudia hadi mara 15 ndani ya siku 30, na kwa baadhi ya majibu hairuhusu kurudia hata mara moja. Mastercard nayo hutuma msimbo wa ushauri unaoweza kusema wazi kwamba usijaribu tena. Huduma hii inaziheshimu kanuni hizo kwa ndani. Tatizo ni kwamba kwenye dashibodi ya malipo yanayojirudia inaniandikia maneno mawili tu, “kadi imekataliwa”, ilhali kwenye ripoti ya uhakiki inanipa kila herufi. Mteja mwenye jibu 51 hana salio la kutosha leo na huenda akawa nalo wiki ijayo. Mwenye 54 kadi yake imeisha muda na anahitaji barua pepe ya upole. Mwenye 14 hana akaunti. Siwezi kuwaandikia watatu hawa barua moja, na nikifanya hivyo ninamfedhehesha mmoja na kumchanganya mwingine.

Mawasiliano kuhusu toleo la nne la PCI DSS, ambalo masharti yake ya mwisho yalianza kudaiwa baada ya 31 Machi 2025, yalikuwa hafifu: barua moja ndefu iliyosema kila kitu isipokuwa kile ambacho muuzaji mwenye fomu inayoendeshwa na lango anatakiwa kufanya.

Kwa muuzaji wa usajili wa kila mwezi mwenye wateja wa nchi nyingi, ninaipendekeza huduma hii, kwa sharti kwamba siku ya kwanza abadilishe mambo matatu: uhakiki uwe wa sifuri, kizuizi cha majaribio kiwashwe, na U isihesabiwe kuwa kosa. Kwa anayeuza bidhaa moja moja kwa malipo ya papo hapo, sehemu kubwa ya ubora wake haitamfikia. Mimi bado nipo. Ombi langu la kuonyeshwa misimbo ya kukataliwa kwenye dashibodi nimelituma mara tatu; mara ya mwisho walinijibu kwamba limeingizwa kwenye kazi za robo mwaka ijayo, na hadi hapo ninaendelea kumpigia simu mhudumu kila Jumatatu asubuhi anisomee msimbo mmoja mmoja.